Viatu Mwisho Hapa

Mke wangu hakutaka kutembea. Daktari alimwambia mbele yangu, siku tulipojulishwa kuwa ana sukari: "Mama, nusu ya dawa ni vidonge, nusu ya pili ni miguu yako. Tembea kila siku mpaka jasho likutoke. Na peku usikanyage, hata ndani ya nyumba." Akaitikia, "Inshaallah, daktari," kwa sauti ya adabu ambayo mimi, niliyeishi naye miaka arobaini na kitu, najua maana yake ni hapana.

Hakuwa mvivu. Anayesema mke wangu ni mvivu hajamuona akikuna nazi. Tatizo lilikuwa njia. Sisi tunakaa Jadida, mtaa wa Wete, Pemba, na pale Jadida mwanamke wa umri wake hatoki asubuhi mikono mitupu akarudi mikono mitupu, watu wakanyamaza. Siku ya kwanza kila baraza aliyoipita ilimuuliza, "Bi, wendapi?" na kwa kuwa hakuwa akienda popote, hakuwa na jibu. "Natembea" si jibu. Mtu hutembea kwenda. Jirani mmoja alimfuata mpaka kwetu kunipa pole, akidhani tumefiwa na mke wangu kachanganyikiwa. Siku ya pili alichukua kikapu ili wamwache, akarudi na samaki ambaye hakumhitaji. Siku ya tatu akavua buibui akalitundika msumarini.

"Mie basi," akasema. "Miguu n'yangu. Wakiikata na waikate."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi sikucheka. Mjomba wangu aliondoka kwa maradhi hayo hayo: kwanza kidole, halafu unyayo, halafu mguu mpaka gotini, na mwaka haukwisha. Nilikuwa nikimtazama mke wangu akipika, macho yangu yakishuka chini kwenye visigino vyake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Mke wangu alikuwa mchezaji. Miaka ile baada ya Mapinduzi, skuli zilikuwa zikishindana kwelikweli, na wasichana walicheza netiboli uwanjani watu wakiwa wamejaa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikapelekwa Chake Chake pamoja na timu yetu ya Wete, kazi yangu kushika saa. Timu ya pili ilikuwa na mfungaji mmoja, msichana wa Tibirinzi, mrefu, hana maneno, akisimama chini ya pete kama mtu anayengoja chai ichemke. Alitufunga mpaka nikasahau kutazama saa. Refa akanigombeza mbele ya wanafunzi wangu. Mwaka wa pili yake nikapeleka posa.

Tulipooana, mama yangu akasema mke wa mwalimu kurukaruka mbele za watu si jambo. Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilikuwa na ulimi wa kumgombeza kila mtu isipokuwa mama. Mke wangu akampa binamu yake raba zake nyeupe, na neno netiboli halikutajwa tena nyumbani kwetu. Nilijiambia kwamba ameridhika, kwa sababu hakulalamika. Mwanamume hupenda sana kuambiwa hivyo, hata na nafsi yake mwenyewe.

Mwanetu wa kiume yuko Maskati, anafanya kazi na watu wanaotandika viwanja vya nyasi za plastiki. Nilipomweleza kwa simu habari za mama yake na kikapu chake cha samaki, akasema, "Baba, huku watu huweka kiwanja uani kwao. Zile nyasi kuukuu zinazong'olewa hutupwa. Mie n'tatia mapande mazuri kwenye mzigo."

Uani kwetu kuna ukuta wa matofali mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya kiti. Hakuna anayeona ndani, na hakuna atakayeuliza wendapi. Nilipomwambia mke wangu habari za kiwanja cha netiboli, alinijibu bila ya kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akiupeta. "Mie na uzee huu n'ruke? Utanizika." Lakini baada ya sala ya adhuhuri nilimuona kwa dirishani akipima ua kwa hatua, kutoka jikoni mpaka kwenye mdomo wa kisima, midomo ikihesabu.

Nikaanza kazi siku ya pili. Tuling'oa shina la mgomba, tukahamisha banda la kuku, tukamwaga kifusi, juu yake kokoto ndogo, juu ya kokoto mchanga. Mwanetu alikuwa akinipigia kila siku kunikumbusha nishindilie vizuri na niache mteremko mdogo wa kupitishia maji, maana nyasi zile hazinywi mvua. Nilishindilia kwa gogo la mnazi mpaka mabega yakanivimba. Mapande yakafika, matatu, mazito, yakinuka mipira ya gari, na moja lina alama ya mstari mweupe wa uwanja wa watu wengine.

Kilichobaki kilikuwa fundi. Wete yote hapakuwa na mtu aliyewahi kutandika nyasi za plastiki, lakini alikuwapo mzee mmoja aliyetandika mazulia ya misikiti tokea ujana wake. Anajua kuvuta, anajua kukata, anajua kugundisha maungio usione pamegundishwa wapi. Nilimwonesha picha za simu alizotuma mwanangu. Hakuzitazama hata mbili.

"Mwalimu," aliniambia, "zulia ni zulia."

Bahati mbaya siku aliyokuja kutandika nilikuwa na maziko Micheweni. Nilimuacha na mke wangu na mkwe wetu, mke wa huyo huyo mwanetu wa Maskati, nikaenda zangu. Nilirudi alasiri, nikapitia mlango wa uani, nikasimama. Nyasi zilikuwa zimelala vizuri, kijani kibichi, hazina hata kunjo moja. Na zilikuwa zimekwenda upande. Ua wetu umefuata nyumba, nyumba imefuata barabara, na barabara ilichongwa na mtu aliyekuwa na sababu zake mwenyewe. Lakini zulia lile halikumfuata yeyote kati ya hao. Lilielekea kaskazini sawasawa, likaacha pembe tatu ya mchanga kila upande, kama mkeka uliotandikwa vibaya kitandani.

"Yakhe, hii n'nini?" nilimuuliza fundi. Nadhani nilipiga kelele.

Mzee alikuwa akifuta kisu chake. Alinitazama kama ananionea huruma. "Kibla," akasema. "Kwani zulia hutandikwa vyengine?"

"Hapa si msikitini! Hapa ni pa kuchezea mpira!"

"Mie hilo silijui, mwalimu. Mkono wangu ukishika zulia hutafuta kibla. N'likwisha gundisha pande la kwanza ndo nikakumbuka. Na gundi ikishika imeshika."

Nilifungua mdomo niendelee, na hapo nikasikia kicheko nyuma yangu. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Tokea tuambiwe ana sukari sikuwa nimemsikia akicheka. "Mwache mzee wa watu," akasema akipangusa machozi. "Angalau tukianguka tutaangukia kibla." Basi. Nilimpa fundi chai, na mlingoti wenye pete tukausimamisha upande wa kaskazini.

Sijui kama ni kibla, au rangi, au ulaini wake chini ya mguu, lakini tangu siku ile hakuna aliyekanyaga pale na viatu. Wanawake wa mtaa walipokuja kutazama, kila mmoja alifika pembezoni, akavua ndara zake, akaziweka upande, ndipo akatia mguu. Hawakuambiwa. Bibi mmoja jirani yetu alisali alasiri pale pale, na alipotoa salamu akasifu kuwa magoti yake yamepumzika. Mimi, badala ya kucheka, nikaona fahari. Nilikuwa nimeumia mabega kwa ajili ya kitu kile. Nilikuwa nikiokota majani ya mwembe moja moja. Nikachukua rangi nyeupe iliyobaki ya milango, nikaandika ukutani kwa herufi za ubaoni, mwandiko ambao nimewafundishia watoto wa watu miaka thelathini: VIATU MWISHO HAPA.

Nilikuwa nimekaa pale hospitali daktari akisema peku usikanyage. Nililisikia kwa masikio yangu mawili. Na niliandika.

Wakaanza kucheza. Kila siku baada ya sala ya alasiri walikuja wanawake sita, saba, wengine wajukuu zao wanasoma skuli. Mimi nilifukuzwa nikakae baraza ya mbele, kwa kuwa ndani wanavua mabuibui na mitandio. Kwa hivyo mchezo ule sikuuona hata siku moja. Niliusikia. Nilisikia mpira ukigonga ukuta, nilisikia wakigombana nani kashika mpira akapiga hatua, na juu ya sauti zote nilisikia sauti ya mke wangu ikidai, "Nipe! Nipe mie!" Sauti hiyo sikuijua. Nimeishi naye miaka yote hiyo, amenizalia watoto watano, na hakuwahi kudai kitu nyumbani kwangu kwa sauti kama ile. Nilikaa barazani nikijifanya nasikiliza redio, na nilikuwa na furaha na haya kwa pamoja.

Sukari ikashuka. Daktari alitazama karatasi ya vipimo, akamtazama yeye, akamuuliza amefanya nini. "Natembea," akajibu mke wangu bila kupepesa.

Likaja jua la kaskazi. Mwenye kuijua Pemba anajua jua hilo, la mchana usio na upepo, ambapo hata kuku hujificha chini ya kitanda. Nyasi za Mungu hupoa zenyewe. Za plastiki hushika moto kama sahani ya bati. Mkwe wetu akilazimika kukatiza pale saa saba mchana alikuwa akirukaruka na kupiga mayowe kama yuko juu ya chuma cha chapati, na sisi tukimcheka. Mke wangu yeye hakuruka. Mchana mmoja alitoka kuanua nguo. Kamba ya nguo imekatiza juu ya kiwanja. Alivua ndara zake pale nilipoandika, akaenda, akaanua moja moja, akazikunja pale pale akiwa amesimama, akarudi taratibu. Hakuruka kwa sababu hakuhisi kitu. Sukari ilikuwa imeshazichukua nyayo zake, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua.

Aliona alasiri alipokuwa akitia udhu. Alipofikisha maji mguuni, ngozi ya chini ya vidole ikamfuata mkononi.

Na hakuniambia. Siku tano hakuniambia. Nilichokiona ni kwamba amevaa soksi.

"Soksi za nini?"

"Baridi."

"Baridi ya wapi, kaskazi hii?"

"Baridi yangu. Wewe unayo yako?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo huumbua harufu. Siku ya tano nilikaa naye kula, nikaweka tonge chini. Nikamwambia avue. Akakataa. Nikamshika mguu mwenyewe nikaivuta soksi, na sitaandika nilichokiona. Nilimuuliza kwa ukali ni kwa nini. Ukali ndio mlango wangu, hofu yangu yote hutokea hapo.

"N'ngekwambia ungelifunga kiwanja," akasema.

"Na ndara zako zilikuwa wapi? Hukumsikia daktari?"

Akanitazama kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko ugomvi. "Weye ndo uloandika ukutani. Mie nivae viatu na wageni wavue? Watasema nini, mke wa mwalimu ndo wa mwanzo kuvunja amri ya mwalimu?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelisema hilo darasani mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu. Nyumbani kwangu mkuu alisikilizwa, na guu likaungua kwa kusikilizwa kwake.

Hospitali walimkata kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Walisema ni bahati kwamba ni kimoja. Daktari alipouliza alikanyaga nini, mke wangu akasema amesahau. Nikasema mimi. Nikaeleza yote, mpaka na rangi ya mlango. Daktari alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, na hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Wiki aliyorudi nyumbani, asubuhi, nilikwenda uani na kisu. Nilianzia pale kwenye maungio, na yule mzee aligundisha kweli, maana nilitoka jasho kabla sijapata hata shibri moja. Sikumsikia mke wangu akija. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mguu mmoja umefungwa bendeji, mkono kwenye bega la mkwe wetu.

"Wafanyani?"

"Naing'oa."

Alimwambia mkwe wetu aende ndani. Alingoja mpaka mlango ulipofungwa.

"Mara ya kwanza ulinitoa mchezoni, sikusema," akaniambia. "N'likuwa mtoto, na mama yako alikuwa mtu mzima. Mara hii nasema. Weka kisu."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi zile, mzee mwenye mvi, kisu mkononi. Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa lile la raba nyeupe kwanza, kisha kwa la ukutani. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo, na sikujua kwamba machozi yangenitoka. Yeye hakulia. Alisema, "Nimekusamehe zamani. Gundisha ulipobandua."

Jeraha lilichukua miezi minne kupona. Nilisugua maandishi yangu kwa tindo na msasa mpaka ukuta ukabaki na kovu, na hata hivyo wanawake wale wakaendelea kuvua ndara, kwa mazoea, mpaka ikawa kazi yangu kuwapigia kelele kutoka barazani: "Vaeni viatu! Vaeni viatu nyote!" Mwanetu akaleta raba kutoka Maskati, pana, laini ndani, jozi ya mama yake na jozi za wenzake. Mchana, mkwe wetu huanika nguo mbele ya nyumba.

Daktari alimruhusu kurudi mchezoni kwa sharti. Viatu wakati wote, na nyayo zikaguliwe kila siku na mtu mwengine, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuziona wala kuzihisi vizuri. Akanionesha namna: afumbe macho, nimguse kwa ncha ya kidole sehemu mbalimbali, aseme kama anahisi. Pale vidoleni pameshakufa, akasema, hapo hatuna la kufanya. Lakini ganzi ikipanda, kisigino nacho kikiacha kuhisi, hapo mchezo basi, mama, hata kwa viatu. Mke wangu akaitikia, "Inshaallah, daktari."

Basi kila siku baada ya alasiri, kabla wenzake hawajaja, yeye hukaa kwenye ngazi ya jikoni na mimi hukaa chini kwenye kibao, mguu wake juu ya goti langu. Mwanzo alikuwa akiona haya, akivuta mguu, akisema mume hashiki miguu ya mke, malaika watatucheka. Sasa amezoea. Hufumba macho, mimi hutazama kati ya kila kidole na kile kinachofuata, hugeuza unyayo kwenye mwanga, kisha huanza kumgusa. Wahisi hapa? Nahisi. Na hapa? Kidogo. Na hapa? Hapo hata, sihisi.

Wiki iliyopita tulichelewa. Wanawake walikuwa wameshaingia, mpira unadunda, mmoja anamwita aharakishe. Nilikuwa nimefika kwenye kisigino. Nilinyoosha kidole, na kabla sijafika nikaona uzi wa soksi umegandia, nikasita nikitaka kuutoa kwanza. Ulimi ulikuwa umeshatangulia kwa mazoea.

"Wahisi hapa?"

"Nahisi," akasema.

Kidole changu kilikuwa hewani. Nikamtazama usoni. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesoma dua, na mikono yake imeshika ukingo wa ngazi. Kule kiwanjani wakamwita tena.

"Vyema," nikamwambia.

Nikachukua raba yake, nikatia mkono ndani mpaka mwisho, nikapapasa polepole kila pembe. Nikapata punje moja ya mchanga, nikaitoa. Nikapapasa tena. Kisha nikamvisha, nikamfunga kamba mara mbili, nikamshika mkono nikamsimamisha.